Malaki 3 haianzi kwenye mstari wa 8: ujira wa kibarua na imani yetu, watu wa Tanga tuongee

Mleta mada

Bwana Yesu asifiwe, ndugu zangu wa Tanga mjini, Muheza, Korogwe, Pangani, na ninyi mlio mbali na nyumbani. Majirani zetu wa imani nyingine mnaopita hapa, nawasalimu kwa heshima.

Msimu wa ahadi ukifika makanisani, sura ya 3 ya Malaki husomwa mno, na karibu kila mara msomaji huanzia mstari wa 8, pale nabii anapouliza kama mwanadamu anaweza kumwibia Mungu, kisha anaendelea mpaka mstari wa 10 wenye zaka kamili, ghala na madirisha ya mbinguni. Sina ugomvi na mistari hiyo, na zaka natoa. Ombi langu ni kwamba turudi nyuma kidogo, hadi mstari wa 5. Hapo Mungu anasema atakaribia ili ahukumu, naye atakuwa shahidi mwepesi juu ya wachawi, wazinzi, waapao kwa uongo, na juu ya wale wanaomwonea mwajiriwa katika mshahara wake, pamoja na wanaomwonea mjane, yatima na mgeni. Mwenye kumzungusha kibarua ametajwa kwa pumzi moja na mchawi. Sisi watu wa Pwani tunaujua uzito wa kuitwa mchawi, maana mtu anaweza kuuza kiwanja akahama mtaa kwa sababu ya neno hilo. Yule mwingine tunamwita mzee wa kanisa na kumwekea kiti cha mbele.

Msingi wa maneno ya Malaki ni Torati. Walawi 19:13 inakataza mshahara wa aliyeajiriwa kulala kwa mwajiri usiku kucha hata asubuhi, na Kumbukumbu la Torati 24:14-15 inaeleza kwa urefu zaidi kwamba mtu huyo, awe ndugu yako au mgeni aliye ndani ya malango yako, apewe ujira wake kwa siku yake, jua lisichwe kabla hajapewa, kwa kuwa ni maskini na moyo wake umeutumaini huo, asije akamlilia BWANA juu yako, ikawa dhambi kwako. Tazameni jinsi amri hii ilivyopewa saa. Amri nyingi tumeachiwa tuzipime wenyewe, kwamba tumependa kiasi gani au tumesamehe kwa kina gani, lakini hii ukomo wake ni machweo, na hapa Tanga machweo hayapishani sana na saa kumi na mbili na nusu mwaka mzima. Hakuna haja ya mhubiri kukueleza kama umeitimiza. Utoke nje uangalie angani.

Sababu iliyotolewa nayo inagusa: moyo wake umeutumaini huo. Kijana aliyebeba zege tangu asubuhi ameshaitumia pesa ile kichwani kabla ya saa sita mchana. Anajua nusu kilo ya unga itatoka wapi, anajua dukani anadaiwa nini, na huenda ameshamwahidi mtoto daftari. Unapomwambia "njoo kesho", wewe unaahirisha jambo dogo, ila nyumbani kwake ni watu kadhaa wanaolala bila mpango. Mithali 3:27-28 imelitaja neno hilo hilo tunalolitumia, kwamba usimwambie jirani yako aende kisha arudi kesho, ilhali kitu unacho.

Ninaowasema si wa mbali. Ni saidia fundi, ni wapakuzi wa mizigo, ni wachuma machungwa wa Muheza, ni mama anayefua nguo za watu, ni mlinzi wa usiku, ni dada wa kazi ambaye kila asubuhi hutuwekea maji ya kuoga ili tuwahi ibada. Kwao tumebuni maneno laini ya kuchelewesha: mhasibu hayupo, nitakurushia jioni, si unajua hali ilivyo.

Kuna sehemu moja ya Maandiko ambayo kwangu ndiyo nzito kuliko zote katika jambo hili. Katika Yeremia 22, nabii anamkabili Mfalme Yehoyakimu, mwana wa Yosia, aliyekuwa akijijengea jumba la madirisha makubwa, lililofunikwa kwa mierezi na kupakwa rangi nyekundu, huku akiwatumikisha watu bila kuwapa mshahara. Yeremia anamkumbusha kwamba baba yake alikula na kunywa pia, lakini aliwahukumu maskini na wahitaji kwa haki, kisha Mungu anauliza kama huko siko kumjua yeye. Tafakarini hapo. Sisi tukiulizwa kumjua Mungu ni nini, tutataja maombi, kufunga, kunena kwa lugha na kusoma Biblia kwa mwaka mzima. Yeremia, akimkabili mfalme anayejenga nyumba, alilijibu swali hilo kwa habari za mafundi wake.

Hoja yangu basi ni hii: kabla hatujahesabu sadaka ya Jumapili, tuhesabu nani anatudai jasho lake. Karibuni tujadiliane kwa hoja na kwa Maandiko.

Saidia fundi, Makorora

Shikamoo mleta mada, kama umri wako unastahili, na kama ni rika langu basi habari za leo. Nimesoma mara mbili, kwa sababu jambo hili naliishi.

Mwaka jana nilifanya kazi katika nyumba ya mtu ambaye tunaabudu naye, na jina lake halitatoka kinywani mwangu. Ijumaa jioni alituambia fedha ipo ila ni kubwa, hana chenji, tuje Jumatatu. Jumapili tulikuwa kanisani, mimi nikiwa kwaya, yeye akasimama mbele kutoa mchango wa vipaza sauti, na watu wakapiga makofi. Nilipiga makofi pia, kwa sababu kwaya nzima ilipiga. Fedha yangu niliipata baada ya majuma kadhaa, kwa mafungu.

Swali langu halihusu yeye tena. Nauliza Maandiko yanamwambia nini anayedai. Nikinyamaza naambiwa mvumilivu, nikidai hadharani naambiwa nachafua kanisa, na nikiacha kwenda kwaya naambiwa nimerudi nyuma kiroho. Njia yangu ni ipi?

Mama wa Mikanjuni

Asante mleta mada, umeandika vizuri, lakini niruhusu nipingane nawe kwa mambo mawili.

La kwanza ni kwamba unatupandisha juu ya mlima Sinai. Tumeokolewa kwa neema kwa njia ya imani, Waefeso 2:8 inasema wazi, na sheria zile za Walawi zina pia habari za kutochanganya nyuzi mbili katika nguo moja, ambazo sidhani kama unazishika. Kwa nini uchague hii ya mshahara?

La pili ni la maisha yenyewe. Mimi ni mtumishi wa umma, mshahara wangu unaingia mwisho wa mwezi, na wakati mwingine umeshaliwa na mkopo kabla sijauona. Nina dada wa kazi ninayempenda kama mwanangu, anakula tunachokula. Siwezi kumlipa kila jua linapozama. Je, kila jioni ninalala katika dhambi?

Mleta mada

Marahaba, kijana wangu wa Makorora. Nitakujibu wewe kwanza kwa sababu swali lako limebeba maumivu.

Watu wengi wakinukuu Mathayo 5:23-24, kuhusu kuacha sadaka mbele ya madhabahu na kwenda kupatana na ndugu, hudhani mwenye kuondoka madhabahuni ni yule aliyeumizwa. Isome tena. Yesu anamwambia mtoa sadaka kwamba akikumbuka ndugu yake ana neno juu yake, yeye mtoa sadaka ndiye aiache sadaka yake aende. Siku ile mwenye wajibu wa kutoka kwenye mstari alikuwa yule mwenye bahasha, nawe ulikuwa mahali pako halali kabisa, kwenye kwaya. Usikubali mtu akuhamishie mzigo huo.

Lakini nawe una la kufanya, nalo limo katika Mathayo 18:15-17. Mwendee mkiwa wawili tu umweleze, asipokusikia nenda na mmoja au wawili, na asipowasikia hao liambie kanisa. Kudai kwa utaratibu huo si kuchafua kanisa, maana utaratibu wenyewe ameuweka mwenye kanisa. Na kama hata kanisa likishindwa, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ipo kisheria kwa migogoro ya kazi, na kukosa mkataba wa maandishi peke yake hakukuondolei haki ya kusikilizwa. Ujue tu kwamba muda wake una ukomo: siku 30 kwa anayelalamikia kuachishwa kazi isivyo halali, na siku 60 kwa madai mengine, hivyo uvumilivu usiokuwa na tarehe unaweza kukupotezea haki yako.

Sasa nije kwako, mama. Kuhusu neema tunakubaliana kuliko unavyodhani. Sheria za nyuzi na vyakula siziwekei mizigo ya wokovu, lakini hili la ujira Agano Jipya limelichukua likalirudia kwa sauti kubwa zaidi. Yakobo, akiwaandikia waamini, anasema ujira wa wavunaji uliozuiwa kwa hila unapiga kelele, na kwamba vilio vya wavunaji vimeingia masikioni mwa Bwana wa majeshi (Yakobo 5:4). Angalia kwamba pesa yenyewe ndiyo inayopiga kelele, ikiwa mfukoni mwa tajiri. Bwana mwenyewe anasema mtenda kazi amestahili kupewa ujira wake (Luka 10:7), na Paulo analirudia neno hilo kwa Timotheo. Na Waefeso 2 haiishii mstari wa 8, kwa sababu wa 10 unasema tuliumbwa katika Kristo Yesu tutende matendo mema. Zakayo hakuokolewa kwa kurudisha fedha, lakini baada ya Yesu kuingia nyumbani kwake, jambo la kwanza alilolitaja kwa kinywa chake lilikuwa la fedha za watu.

Kuhusu mwisho wa mwezi, hapana, mama, hulali katika dhambi. Torati inasema "kwa siku yake", na kibarua wa zama zile siku yake ilikuwa jioni ile ile. Katika mfano wa shamba la mizabibu, Mathayo 20, mwenye shamba anapatana kwanza na wale wa alfajiri kwa dinari kwa siku, halafu jioni anamwagiza msimamizi awaite na kuwalipa. Mapatano yalikuwapo na yakatimizwa kwa saa yake. Ukipatana na dada kwamba siku yake ni tarehe 30, basi jua lake linazama tarehe 30. Dhambi inaanza tarehe hiyo ikipita kwa sababu umelipa kwanza king'amuzi, mchezo wa kina mama na sare ya harusi, yeye ukamwacha kwa sababu yumo ndani na hana pa kwenda.

Niseme pia, bila kukunyooshea kidole, kwamba sentensi "nampenda kama mwanangu" imetumika kuficha mengi katika nyumba zetu. Mwana hadai mshahara, ndiyo maana tunapenda kumwita hivyo mtu anayetudai. Tunasema "nakutunzia" kwa fedha ambayo hajaomba itunzwe, tunakata glasi iliyovunjika na sukari iliyoisha mapema, na mwaka ukiisha anarudishwa kwao Lushoto au Handeni na kitenge na nauli. Labani alikuwa mjomba wa Yakobo mwana wa Isaka, tena baba mkwe wake, akamkumbatia na kumbusu siku ya kwanza, lakini katika Mwanzo 31:7 Yakobo anasema alimbadilishia mshahara mara kumi. Udugu haukumzuia Labani. Wakolosai 4:1 inawataka mabwana wawape watumishi yaliyo haki na ya adili, wakijua kwamba wao pia wana Bwana mbinguni, na serikali yetu nayo inapotangaza kima cha chini cha mshahara huwataja watumishi wa majumbani. Kwa hiyo haki ya dada huyo ina kiwango cha kuanzia, haitegemei tu jinsi tunavyompenda.

Mwalimu mstaafu, Korogwe

Vijana wangu, mmenigusa mahali pa kale. Ruhusuni mzee aongeze historia, kwa sababu mkoa huu umejengwa juu ya jambo hili hili mnalolijadili.

Mkonge uliletwa nchini mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf, ukapandwa karibu na Pangani, na baada ya miaka michache mashamba yakatapakaa kufuata reli kuanzia Tanga kupanda huku kwetu. Wenyeji hawakutosha wala hawakuipenda kazi ile, hivyo watu wakaletwa kutoka mbali sana, Wanyamwezi, Waha, Wabena, Wamakonde na wengine wengi, wakaitwa manamba. Wakati wa Mwingereza palikuwa na kadi iliyoitwa kipande. Kipande kilikuwa na nafasi za siku 30 za kazi, na kila siku uliyomaliza kazi uliyopimiwa ilitiwa alama. Siku uliyougua haikuandikwa, siku usiyomaliza kipimo chako haikuandikwa, na mshahara ulitoka pale kipande kilipojaa. Siku 30 za kazi zingeweza kuchukua mwezi na zaidi, na muda wote huo mtu alikuwa akila kwa mkopo wa duka.

Wengi wa manamba hao walibatizwa huku huku mashambani. Nimezaliwa katika familia ya namna hiyo, na wazee wetu waliokuwa Wakristo waliipenda mno habari ya wana wa Israeli kule Misri, hasa pale Farao anapoamuru matofali yawe yale yale ingawa majani hayatolewi tena (Kutoka 5). Hawakuhitaji mwalimu wa kuwafafanulia kipimo cha matofali. Walikuwa wamepimiwa mkonge asubuhi ile.

Ninachotaka kuwaambia ni kwamba watu waliokaa kwenye viti vya mbele leo, wenye nyumba na mashamba ya machungwa, wengi ni wajukuu wa manamba. Inanishangaza kuona mjukuu wa mtu aliyeumizwa na kipande akimtengenezea kibarua wake kipande kingine, tena kisicho na kadi wala alama, ambacho hakijulikani kitajaa lini. Maandiko yanapotoa sababu ya kumtendea mema mtumwa, mgeni na maskini, mara nyingi yanasema mkumbuke kwamba mlikuwa watumwa Misri. Sura hiyo hiyo ya Kumbukumbu la Torati 24 inalisema jambo hilo mara mbili, mistari michache tu baada ya amri ya ujira. Sisi wa mkoa huu tuna Misri yetu, na njia ya kwenda huko inapita kwenye mashamba ya mkonge ya Hale na Ngombezi.

Jirani, Ngamiani

Assalaam alaykum. Mimi ni Mwislamu, nina karakana ndogo ya useremala, na nimeingia kwenye uzi huu kwa sababu kichwa chake kilinivuta. Kwetu tumefundishwa Hadithi ya Mtume iliyomo katika Ibn Majah, kwamba mwajiriwa apewe ujira wake kabla jasho lake halijakauka. Nyinyi mmepewa jua, sisi tumepewa jasho, na kwa joto la Tanga mwezi wa pili sijui jasho hilo linakauka saa ngapi, lakini maana naona ni moja.

Hata hivyo naomba upande wa pili nao usikizwe. Mafundi wetu tunawajua. Unampa mtu kianzio akanunue mbao, anazima simu, unamkuta baada ya mwezi kwenye kibanda cha kahawa anacheza bao. Mwingine anakuja saa nne, anaondoka saa nane, anataka ujira wa siku nzima. Je, kitabu chenu kinasema chochote juu ya huyo, au kinamsema mwenye pesa peke yake?

Mleta mada

Mwalimu, shikamoo, na asante. Sikujua la kuongeza juu ya hayo, kwa hiyo siongezi.

Waalaykumu salaam, jirani yangu wa Ngamiani, na karibu sana. Kitabu kinamsema, tena kwa ukali. Paulo aliwaandikia Wathesalonike kwamba mtu asiyetaka kufanya kazi asile, na kwamba wale wasioshughulika na kazi zao watende kazi kwa utulivu wale chakula chao wenyewe (2 Wathesalonike 3:10-12). Waefeso 4:28 inamwambia aliyekuwa mwizi asiibe tena bali afanye kazi kwa mikono yake, na fundi aliyekula kianzio cha mbao sioni jina jingine la kumpa. Wakolosai 3:22-23 inakataza utumwa wa macho, yaani kufanya kazi pale tu bosi anapoangalia. Hayo yahubiriwe kwa mafundi wetu Wakristo bila kupepesa.

Ila tusichanganye madeni. Fundi aliyekula kianzio anawajibika yeye, wala kosa lake halimlipii dhambi mwajiri anayemzungusha saidia fundi aliyefika saa moja kamili. Nimeona sana hoja ya "mafundi ni wezi" ikitumiwa na watu ambao hawajawahi kuibiwa.

Na hapa nitaje andiko ambalo sijawahi kusikia likihubiriwa katika muktadha huu. Luka 14:28 inamzungumzia mtu anayetaka kujenga mnara, kwamba hukaa kwanza akahesabu gharama, kama ana vya kumalizia. Tunalitumia kwa gharama ya ufuasi, nayo ndiyo maana yake, lakini Bwana alichukua mfano kutoka kwa wajenzi halisi. Hapa kwetu ujenzi ni wa kidogo kidogo, msingi mwaka huu, kuta mwaka ujao, na hakuna ubaya wowote. Ubaya huja pale mtu anapohesabu saruji, nondo, mchanga na kokoto hadi shilingi ya mwisho, kisha mkono wa fundi anauacha kwenye "tutaona". Mwenye duka la saruji hakubali "tutaona", kwa hiyo analipwa. Saidia fundi hana geti wala risiti, kwa hiyo yeye ndiye anayegeuzwa benki ya kukopesha ujenzi bila kuulizwa. Mwenye kujenga ahesabu nguvu kazi kwanza, na ikiwa fedha inatosha kozi tatu tu za matofali, zijengwe kozi tatu, watu walipwe, waende nyumbani.

Jambo jingine dogo, lakini dogo kwa mwenye nacho tu. Mkimlipa mtu kwa simu, mtumieni na ya kutolea. Mlipatana shilingi elfu kumi, akienda kwa wakala anakatwa, anatoka na pungufu. Walawi 19, sura ile ile inayokataza kulala na mshahara wa mtu, inakataza pia katika mstari wa 35 na 36 mizani na vipimo visivyo vya haki.

Msomaji wa Chumbageni

Kwa ndugu Wakatoliki wenzangu niongeze machache, kwa kuwa Biblia yetu ina vitabu ambavyo wenzetu hawavisomi kanisani. Tobiti anapomwusia mwanawe Tobia, katika sura ya 4 mstari wa 14, anamwambia asikae na ujira wa mtu aliyemfanyia kazi, bali amlipe mara moja. Yoshua bin Sira, sura ya 34, anakwenda mbali zaidi na kumhesabu anayemnyima mfanyakazi ujira wake kuwa mmwaga damu, na anasema hayo katikati ya maneno yake juu ya sadaka zisizokubaliwa na Mungu, jambo linalofanana kabisa na hoja ya Malaki.

Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 1867, inataja dhambi zinazolia mbinguni, na ndani yake, pamoja na damu ya Abeli, imo dhuluma dhidi ya mtu wa mshahara. Nimefundisha watoto wa kipaimara kwa muda mrefu. Wanaikariri orodha hiyo vizuri sana, lakini ni mara chache mtoto anaondoka akijua kwamba inamhusu dada aliyemwandalia sare asubuhi.

Nina angalizo moja kwa mleta mada. Umesema tuhesabu madeni kabla ya sadaka, na ninaogopa watu wataligeuza kuwa sababu ya kutotoa sadaka kabisa.

Mleta mada

Angalizo lako nimelipokea, na jibu lake ni la Bwana mwenyewe. Katika Mathayo 23:23 anawakemea waliolipa zaka hadi ya mnanaa, bizari na jira, huku wakiacha mambo makuu ya sheria, kisha anasema hayo iliwapasa kuyafanya, na yale mengine wasiyaache. Hakufuta zaka ya bizari. Lakini katika Marko 7 alipokutana na watu waliosema mali iliyopaswa kuwatunza wazazi imekuwa Korbani, yaani imewekwa wakfu kwa Mungu, aliwaambia wanalitangua neno la Mungu. Mtu ana haki ya kumtolea Mungu kilicho chake, na mshahara wa kibarua, jua likishazama, si chake tena. Anayetaka kutoa zaidi atoe, akishatenga kwanza cha watu.

Msomaji wa Muheza

Nawasalimu wote. Nimekuwa nikisoma kimya tangu mwanzo, na sasa nimelazimika kuuliza.

Baba yetu amefariki mwaka huu. Siku ya mazishi tulitangaza kama ilivyo desturi, kwamba mwenye kumdai marehemu ajitokeze kwa familia, wakajitokeza wawili wa dukani tukawalipa. Wiki iliyopita nikipanga makaratasi yake nimekuta daftari la shamba la machungwa, lenye majina ya vibarua na siku walizopalilia, na mbele ya baadhi ya majina hakuna alama ya kulipwa. Wawili nawafahamu. Mmoja naambiwa alishafariki, na wengine walikuwa watu wa kupita, wametajwa kwa jina moja tu. Ndugu zangu wanasema tangazo tulilotoa msibani linatosha. Maandiko yanasemaje?

Mleta mada

Pole sana kwa msiba, ndugu yangu. Mungu awafariji.

Tangazo la msibani ni desturi njema, lakini linamfikia aliyekuja msibani, na kibarua wa kupita huenda hakusikia hata habari ya kifo. Daftari limetangaza zaidi kuliko ninyi mlivyotangaza, kwa sababu mwandiko ni wa mwenye deni mwenyewe.

Swali lako limeulizwa katika Torati karibu kama ulivyoliuliza. Hesabu 5:5-8 inamzungumzia mtu aliyemkosea mwenzake katika mali, kwamba ataungama na kurudisha kamili, na kuongeza juu yake sehemu ya tano, ampe aliyemkosa. Kisha sheria inaona mbele: ikiwa mtu huyo hana jamaa wa karibu wa kurudishiwa, malipo hayo yatakuwa ya BWANA, nayo yapewe kuhani. Maana yake ni kwamba aliyefariki analipwa kupitia jamaa zake, na asiye na jamaa anayejulikana deni lake halifutiki, bali hubadilisha mahali pa kupelekwa. Hakuna mstari unaosema libaki kwa mwenye shamba.

Najua utasema kosa ni la baba, si lako. Ni kweli, na hakuna atakayekuhesabia dhambi yake. Lakini shamba mmelirithi, na machungwa ya msimu huu yametokana na palizi ile. Ayubu akijitetea katika sura ya 31 anajiapiza kwamba kama amekula mazao ya shamba bila kulipa, miiba na iote badala ya ngano. Na Paulo, ambaye hakukopa kitu kwa Filemoni, alimwandikia kwamba ikiwa Onesimo, mtumwa wa Filemoni, ana deni kwake, aliandike juu yake Paulo, naye atalilipa.

Basi ningekushauri hivi. Wawili unaowafahamu walipeni juma hili, kwa ujira wa sasa, kwa kuwa ujira wa wakati ule huenda leo haununui kile kile, na mkiweza ongezeni ile sehemu ya tano. Wa marehemu tafuteni mjane au watoto wake kupitia mwenyekiti wa kitongoji, na mwandikishiane, ili kesho pasiwe na maneno. Hao wenye jina moja, ulizeni kwa wapaliliaji wenzao kabla ya kitu kingine chochote, maana vibarua wanajuana kuliko tunavyowajua, na mara nyingi huyo mnayemwita mtu wa kupita yuko Pongwe au Maramba na ana simu. Mtakayemkosa kabisa, mwiteni mchungaji wenu, mwonesheni daftari, na fedha yake iende kwa wahitaji wa kanisa kwa jina lile lile lililoandikwa. Ndugu zako wakisita, anza na fungu lako la urithi, nao uwaachie daftari mezani.

Msomaji wa Muheza

Nimekuelewa, nashukuru. Mmoja wa wale wenye jina moja, mama amesema anamkumbuka, alikuwa akitokea Magila. Kesho naenda kumwulizia.